Stendi Iliyogoma Kuinama

Mwezi uliopita alinipigia simu Rehema, fundi sanifu kijana aliyepokea funguo za maabara nilipostaafu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza, "Bi Somoe, klabu ya sayansi imepata uwezo wa kununua stendi ya darubini. Wanafunzi wanataka kupiga picha za nyota. Ya kuanzia tu, siyo ya makuu. Tuchukue ipi?"

Nikamwambia nitamwandikia. Jibu fupi ninalo, lakini jibu fupi ndilo lililotuponza sisi mara ya kwanza. Basi Rehema, na wenzako mlioko kwenye maabara nyingine za mkoa huu, someni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hayo yako kwenye faili langu, na faili lina watu wake wa kulisoma, kama wapo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya lililoshonwa Mikindani, nikidhani maabara ni ofisi. Mzee Chitanda, aliyekuwa fundi wa maabara kabla yangu, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, akanipa beseni la bika chafu, vile vikombe vya kioo vya kupimia, na brashi. Nikaosha mpaka kengele ya kutoka. Kesho yake nikaja na kanga kiunoni, akacheka, akasema sasa tuanze kazi.

Somo lake la kwanza sijalisahau. Aliweka mizani juu ya meza yenye mguu mfupi, akanipa jiwe nilipime. Nikapima. "Pima tena," akasema. Nikapima tena, jibu jingine. Mara ya tatu, jibu jingine.

"Jiwe limebadilika?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Mizani mbovu?"

"Labda."

Akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu wa meza. Nikapima jiwe lile mara nyingi kadiri alivyotaka na jibu likawa moja. "Chombo kisichosimama hakipimi, binti," alisema, akaenda kunywa chai. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na nusu ya matatizo niliyokutana nayo yalitibiwa kwa kipande cha boksi.

Mzee Chitanda alipostaafu, akaja Mwalimu Adventina kufundisha fizikia katika shule yetu ya wasichana. Alitokea Kagera, upande mwingine kabisa wa nchi, na aliteremka kwenye basi miguu imevimba kama mihogo. Nilipewa kazi ya kumpokea na kumpeleka nyumba ya walimu kule Shangani, Mtwara mjini. Jioni ile, baada ya magharibi, tulitoka kupunga upepo wa bahari. Akasimama ghafla, akatazama upande wa kusini.

"Bi Somoe, yale mawingu mawili meupe mbona hayaendi na upepo?"

Nikatazama. Mimi nimezaliwa Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, na mawingu yale nimeyaona tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Haikunipitia kichwani kwamba mtu anaweza kuyaulizia. "Yale ndiyo kawaida yake," nikamjibu.

Kesho yake alinifuata maabara na kitabu mkononi, hata hajanywa chai. Yale si mawingu, alisema. Ni nyota, maelfu kwa maelfu ya nyota, ziko mbali sana nje ya kundi letu la nyota. Kwao Kagera yanapita chini mno nyuma ya vilima, ndiyo maana hakuwahi kuyajua. Nilikaa kwenye stuli. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa siku zote ni mfalme.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulifanya kazi pamoja miaka yote iliyofuata, yeye ubaoni na mimi mezani. Mtihani wa vitendo ukija na maji yamekatika, tulibeba ndoo wote wawili. Umeme ukizimika wasichana wakiwa katikati ya kusoma mita, yeye alikuwa akiwatuliza kwa sauti yake ile nzito, na mimi nikitafuta betri. Ramadhani alikuwa hali chakula mbele yangu hata nikimwambia ale. Krismasi mimi ndiye niliyemkatia vitunguu. Kila jioni isiyo na mvua tulitembea Shangani, na kila msimu wa mawingu yake alikuwa akiyasalimia kama watu.

Darubini ilikuja baadaye. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi za gesi alikuwa anarudi kwao, akaona ni mzigo kuibeba, akaiacha shuleni. Bomba lilikuwa zuri. Stendi yake ilikuwa miguu mitatu myembamba ya bati na kichwa kinachokwenda juu na chini, kulia na kushoto. Kwa kutazama mwezi inatosha. Wasichana walipanga foleni, wakaona mashimo ya mwezi, wakapiga kelele. Lakini ukigusa tu kitufe cha kulengea, mwezi ulitetemeka kama uji kwenye sahani. Nilimkumbuka Mzee Chitanda na meza yake.

Mwaka wa mwisho wa Adventina kazini, jioni moja Shangani, aliniuliza, "Somoe, mawingu yangu yapo?"

"Yapo, mwalimu. Yale pale, juu ya minazi."

Akatazama nilipoonyesha. Akatazama sana. "Mimi sioni kitu," akasema.

Nilidhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Alikuwa na presho ya macho, na alikuwa amejua kwa muda bila kuniambia. Daktari alimweleza kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Mchana alikuwa bado anasoma, akiinamia daftari, akiona katikati tu kama anayechungulia kwenye bomba. Usiku ulikuwa umemfungia mlango. Vitu hafifu vya angani ndivyo vya kwanza kumwacha.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni akanishika mkono. "Picha inaweza kukuzwa," akasema. "Ukiirusha ukutani kwa projekta, kubwa kama ukuta wenyewe, na iwe na mwanga, mimi nitaona. Ninataka niyaone kabla sijaondoka Mtwara." Mwanawe anayefanya kazi Dodoma alikuwa ameshasema atakuja kumchukua shule zikifungwa, mwezi wa kumi na mbili.

Sasa sikiliza vizuri, Rehema, hapa ndipo swali lako lilipo. Dunia inazunguka. Ukiacha jicho la kamera wazi hata kwa muda mfupi, kila nyota inachora mkia. Kwa hiyo stendi ya kutazamia siyo stendi ya kupigia picha. Ya picha lazima iwe na mota inayogeuza kamera taratibu, kwa mwendo wa anga lenyewe, na mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Stendi za namna hiyo huitwa za ikweta. Tulimwuliza muuzaji mmoja kwa simu, akatupa jibu fupi: "Chukueni ya ikweta yenye mota." Wanafunzi wetu wa zamani wakachanga, mmoja aliyekuwa safarini akainunua, ikafika kwenye boksi zito ambalo mlinzi alidhani ni injini ya mashine ya kusaga.

Ilikuwa nzuri. Miguu ya chuma, kichwa kizito, mota inayolia kwa mbali kama nyuki aliyefungiwa. Tuliisimamisha juu ya sakafu ya maabara, nikaupiga mguu wake kofi, haukutikisika. Nikafurahi mapema.

"Sasa iinamishe," Adventina akasema. "Ncha ya kusini kwetu iko chini, nyuzi kumi tu juu ya upeo wa macho. Nisomee namba."

Nikakaza skrubu ya kuinamishia. Hamsini. Arobaini. Thelathini. Ishirini. Skrubu ikagota.

"Imeishia ishirini," nikasema.

"Zungusha tena."

"Mwalimu, imegota."

Akapiga magoti, akapapasa kwa vidole, chuma kwa chuma, mpaka akafika mahali ambapo kichwa kiligusana na kikalio chake. Akajifuta vidole. "Wametengeneza kwa ajili ya watu wa kwao," akasema mwishowe. "Wao ncha yao iko juu. Hawakufikiria kwamba kuna mtu anaishi hapa."

Sikumlaumu mtengenezaji. Hata makoti ya mitumba yanatufikia yakiwa na manyoya. Lakini muda wa kuirudisha haukuwapo. Mabibo ya mikorosho yalikuwa yameshaanza kuanguka mashambani, mvua zilikuwa zinanukia, na mwezi mchanga uliobaki kabla ya shule kufungwa ulikuwa mmoja. Picha za nyota zinataka giza, na giza la kweli linakuja mwezi ukiwa haupo.

Wazo la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa baya. Nikafupisha mguu wa upande wa kusini ili stendi yote iiname. Ikainama, kweli, halafu ikaendelea kuinama. Adventina aliidaka kwa kifua. Tukaketi sakafuni tunacheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia.

"Tusiinamishe miguu," akasema akijifuta machozi. "Tuinamishe kichwa peke yake. Tuweke kabari katikati."

Tukaenda Likombe kwa fundi Bakari, mchomeleaji wa milango na madirisha. Adventina alimchorea kwa chaki kwenye kipande cha bati: sahani ya chuma, nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, tofauti yake nyuzi kumi. Upande mnene utakaa kaskazini, mwembamba kusini. Bakari alizunguka mchoro ule kama anayezunguka ng'ombe wa kununua.

"Mama zangu, hii ni ya mlango gani?"

"Wa mbinguni," Adventina akajibu, uso mkavu.

"Basi nisikosee," Bakari akasema, akavaa miwani yake. Aliitengeneza mara mbili. Ya kwanza aliikataa mwenyewe kabla hatujaigusa.

Hapo tukapata stendi ya Mtwara. Lakini palibaki ubishi mmoja. Mimi nilitaka tuliache bomba la darubini, tuifunge kamera peke yake juu ya stendi.

"Darubini ndiyo zawadi, halafu tuiache nyumbani?" aliniuliza. Alikuwa amekasirika kidogo.

"Mwalimu, mawingu yako ni mapana. Bomba litatuonyesha kipande tu. Halafu lina uzito, na upepo utalishika kama tanga. Kamera ni nyepesi. Stendi itaibeba bila kujua imebeba kitu."

Akalifunika bomba kwa kitambaa, kama mtu anayejua umesema kweli na hataki kukupa ushindi. Kamera tuliazima kwa mpiga picha za harusi wa mjini, ambaye alituuliza bwana harusi ni nani.

Tulikwenda Msimbati kwa kaka yangu Issa, kwa sababu anga la mjini limejaa taa. Nyumba yake iko mbali na mitambo ya gesi, na upande wa kusini hakuna kitu ila mikoko ya mdomo wa Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Miguu ya stendi haisimami kwenye mchanga, kumbuka hilo. Tuliweka chini ya kila mguu kipande cha kigae cha sakafuni. Kusini yenyewe tuliitafuta mchana. Dira hudanganya kidogo, kwa hiyo tulining'iniza timazi, ile kamba ya waashi yenye uzito, kwenye mti mrefu, tukafuata kivuli cha kamba yake, na kilipokuwa kifupi kuliko vyote tukachora mstari. Adventina aliutandika uzi mweupe juu yake na kuubana kwa mawe, akiufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jioni ya kwanza mawingu ya mvua yalifunika kila kitu. Tulikula mihogo na samaki wa kuchoma, tukalala. Jioni ya pili, mpaka adhana ya isha, hali ilikuwa ileile. Kesho yake asubuhi tulitakiwa kurudi, na mwanawe alikuwa tayari njiani. Issa alitoka nje, akanusa upepo, akasema, "Utafunguka kusini. Msilale."

Adventina alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso ameuelekeza upande ambao hakuuona. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinuka na kuketi, kuinuka na kuketi. Kisha upepo ukageuka, na pazia likaanza kukunjwa kutoka chini, na yakatokea mawingu yake, la kwanza na la pili, meupe, kama yalivyokuwa siku zote za utoto wangu.

"Yapo," nikasema.

"Washa mota," akasema.

Nikaiwasha. Nikaelekeza kamera. Yeye ndiye aliyeshika kitufe cha waya, ili asiguse stendi, na kila alipobonyeza tulizuia pumzi wote watatu, hata Issa, kana kwamba pumzi zetu zingezitikisa nyota. Kwenye kioo kidogo cha kamera nyota zilikuwa nukta. Hazikuwa na mikia. Nilimwambia hivyo, akanitaka nirudie, nikarudia. Tulipiga picha mpaka mawingu yaliporudi.

Tuliporudi shuleni tulifunga mapazia ya maabara na kurusha picha ukutani. Nilimwongoza mpaka mbele ya ukuta. Alikaribia mno, kivuli chake kikaifunika. Nikamsogeza pembeni. Akainua mkono, akauweka kwenye ukuta, akaanza kutafuta kwa ule uoni wake uliobaki, kidogo kidogo, kama anayesoma.

"Hapa?"

"Kushoto kidogo."

"Hapa."

"Hapo."

Alisimama. "Somoe, kuna doa la waridi hapa. Ukingoni."

Nikaenda kutazama. Lilikuwapo kweli, doa dogo la rangi ya waridi kwenye wingu kubwa. Kamera ilikuwa imekusanya mwanga ambao jicho la mtu haliwezi kuukusanya.

"Hili," akasema polepole, "sikuwahi kuliona hata nilipokuwa na macho."

Sikuwasha taa kwa muda. Niliwahi kumwona akilia mumewe alipofariki, wanawe wakiwa bado wadogo. Lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia na kucheka kwa pamoja.

Aliondoka Alhamisi. Mwanawe alibeba masanduku, mimi nikabeba kikapu cha korosho. Picha aliichukua kwenye flashi, ingawa najua Dodoma hana ukuta mkubwa wa kuirushia. Niliendelea na kazi mpaka muda wangu ulipofika. Wasichana walibadilika kila mwaka, bika zilivunjika, tukaagiza nyingine. Stendi ilifanya kazi. Lakini sikuwahi tena kuinua kichwa kutoka kwenye sinki nikamkuta mtu amesimama mlangoni na kitabu, hajanywa chai, ana jambo la kuniambia.

Kwa hiyo, Rehema: usinunue kwa sura wala kwa jibu la simu. Iwe ya ikweta, iwe na mota, na uulize inashuka mpaka nyuzi ngapi. Isipofika kumi, Bakari bado yupo Likombe. Ukiambiwa inabeba kilo fulani, kwa picha ipe nusu yake. Anza na kamera peke yake, bomba lisubiri. Tandika vigae kwenye mchanga. Chumvi ya bahari ni adui, kwa hiyo futa kila jioni. Na usiinunue kwa ajili ya klabu. Mtafute mtu mmoja anayetamani kuona kitu kimoja, ununue kwa ajili yake. Mengine yatafuata.

Siku hizi Adventina hunipigia simu baada ya isha. Macho yamezidi kufifia. Hatuzungumzii magonjwa. Huniuliza anga likoje, nami hutoka nje na simu, nikamweleza nyota zilivyokaa juu ya paa, kipi kimechomoza, kipi kinazama. Juzi nilitoka, nikatazama huku na huku, juu kulikuwa kumefunga kabisa.

"Mawingu tupu, mwalimu," nikamwambia. "Mvua inakuja. Hakuna hata nyota moja."

Nilimsikia akijiweka sawa kitandani.

"Basi nisimulie la jana," akasema.

Nikakaa kizingitini, nikaanza na upande wa kusini.